Bangili Haivuliwi

Mchi wa Hortense ulikuwa na uzito wa mtu mzima aliyeshiba, na kila ulipotua kinuni, Sajini mstaafu Tarcisio Kidega alinyanyuka kitandani shibiri nzima. Hakuruka kwa mshtuko, alirushwa. Kitanda kiliruka kwanza, yeye akafuata, na godoro likawa la mwisho kutua. Asubuhi hiyo alikuwa amehesabu mapigo mia tatu na kumi na mawili, akapoteza hesabu pale kikombe cha bati kilipotoka rafuni na kumpiga utosini.

"Hortense!" alipaza sauti dirishani. "Wewe mama! Unatwanga sombe au unachimba bomba la mafuta?"

"Sombe, Afande," sauti ikajibu kutoka uani, bila haraka yoyote. "Bomba ntachimba kesho."

Na mchi ukatua tena.

Hortense alikuwa mama wa Kikongomani, mtu wa Butembo, aliyepanga chumba cha pili kutoka cha Kidega kwenye zile nyumba za mlango kwa mlango kule Luzira, Kampala. Kazi yake ilikuwa kuuza sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na wateja wake walitoka hapo hapo Luzira hadi Lubaga. Mashine za kusaga zilikuwepo sokoni, lakini Wakongomani walisema sombe ya mashine ina ladha ya msumari. Walitaka ya mchi, tena ya asubuhi ile ile. Basi Hortense alitwanga kuanzia saa mbili hadi saa sita, kwa mikono iliyolingana na mapaja ya watu wengine. Makorongo waliokuwa wakiishi kwenye jalala nyuma ya nyumba zile walikuwa wamehamia Kawempe wote, na inasemekana mmoja aliporudi kuchukua kinda lake alikuja amejiziba masikio kwa mabawa.

Korongo wana mahali pa kuhamia. Kidega hakuwa napo. Yeye alitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, na mchana ndio uliokuwa usiku wake. Na sasa usingizi wake ulikuwa na mwandishi. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alivaa bangili nyeusi ya mpira, nyembamba kama mkanda wa saa, yenye taa ya kijani upande wa chini iliyochungulia ndani ya ngozi yake kama mpelelezi kwenye tundu la ufunguo. Bangili hiyo iliandika alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, na moyo wake ulipiga vipi. Haikuandika sababu. Hapo ndipo chuki yote ilipoanzia.

Bangili zilitoka kwa kampuni ya ulinzi iliyomwajiri alipostaafu polisi. Ilitokea kwamba mlinzi wao mmoja, mahali pengine, alilala kazini hadi wezi wakatoa majokofu kumi na manne, wakayapitisha juu ya miguu yake, na kwa kuwa walikuwa watu wenye huruma, wakamfunika kwa boksi la mojawapo asipate baridi. Wakubwa walikasirika, wakaita mtaalamu. Mtaalamu akasema mlinzi anayelala vizuri mchana halali usiku. Zikanunuliwa bangili. Kila mlinzi aende nayo nyumbani alale nayo, jioni aivue getini na kuiweka kwenye trei, na msimamizi aisome kwa tableti yake. Wiki nzuri iliwekwa rangi ya kijani, ya katikati njano, mbaya nyekundu. Wiki tatu nyekundu mfululizo, mtu anaondolewa lango la usiku na kupelekwa kazi ya mchana: kusimama mlangoni mwa duka na kuchungulia mikoba ya wanawake.

Kidega alikuwa mkuu wa lango la ghala kubwa la magodoro, karibu na Port Bell. Alikuwa amevaa cheo miaka ishirini na sita, na katika heshima yote ya miaka hiyo, lango hilo ndilo pekee lililobaki. Pale madereva wa malori walizima injini na kusema, "Jambo Afande." Pale alikuwa na kiti chake, kitabu chake cha magari na filimbi yake. Kwingineko kote Kampala alikuwa mzee mrefu anayesukumwa kwenye foleni.

Na tayari alikuwa na wiki mbili nyekundu.

Ijumaa ile jioni, msimamizi wake alimgeuzia tableti aione mwenyewe. Msimamizi aliitwa Docus, binti aliyezaliwa na kukulia kambi ya polisi. Kidega alimfahamu tangu akikimbizana na bata nyuma ya mabweni.

"Afande, angalia. Jumatatu dakika arobaini na mbili. Jumanne hamsini. Alhamisi thelathini na tisa. Huyu si mtu, huyu ni popo mgonjwa."

"Ni kinu cha yule Mkongomani."

"Ulifanya yale mashauri? Bangili ilikutumia mashauri kwenye simu."

"Nilifanya yote!" Na kweli alikuwa ameyafanya. Aliacha chai ya alfajiri. Alitundika blanketi la jeshi dirishani hadi chumba kikawa cheusi kama ndani ya buti. Alioga maji ya uvuguvugu, akalala chali, akavuta pumzi akihesabu hadi nne, akaizuia akihesabu hadi saba, kama mashauri yalivyosema. "Nikifika tatu, mchi unatua. Naanza upya. Siku moja nimezuia pumzi kutoka saa mbili hadi saa nne, Docus. Mimi ningekufa pale nikiwa najifunza kulala."

Mlinzi wa pili wa zamu, Okullo, mtu wa miaka arobaini hivi mwenye buti zinazong'aa kuliko sura yake, alikohoa kicheko. Kidega alimgeukia.

"Unacheka nini wewe?"

"Sicheki, Afande. Nimemeza mbu."

"Kimeze kiti changu pia, maana ndicho unachokitafuta."

"Kiti chako ni kigumu, Afande," Okullo akasema kwa upole wa kuudhi. "Nilikijaribu."

Docus alifunga tableti. "Sikiliza, mzee wangu. Sheria siyo yangu. Umebakiwa na wiki moja. Ikiwa nyekundu, lango namkabidhi Okullo, na wewe unakwenda dukani. Zungumza na huyo mama kwa ustaarabu."

Kidega alizungumza naye kwa ustaarabu kesho yake asubuhi, kwa muda wa sentensi moja na nusu.

"Mama Hortense, naomba utwangie mchana baada ya saa nane, kwa sababu wewe ni mkimbizi tu hapa na sisi wenye..."

Mchi ulisimama hewani. Uani kote wanawake waliacha kufua.

"Miye mkimbizi?" Hortense aliushusha mchi polepole, akauegemea. "Ndiyo. Nilikimbia. Nilikimbia na sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Na weye, Afande, kule kwenu kaskazini, wakati wa vita, watu wako walilala wapi? Si kambini? Si walikimbia na mikeka? Hii nyumba yote, toka mlango wa kwanza mpaka wa mwisho, nionyeshe mtu mumoja ambaye hajakimbia. Huyo akuje aniambie neno. Weye nenda ulale."

"Nitalalaje na wewe unapasua ardhi!"

"Lala na masikio kwa chini."

"Nitakupeleka mbele ya Mwenyekiti!"

"Nipeleke. Ntakuja na kinu yangu, tuone nani atachoka kubeba."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Sumayiya, mjane wa mwanajeshi, mama mwenye sauti ya chini ambayo watu wakubwa waliiogopa. Kesi za majirani zilisikilizwa barazani kwake Jumamosi alasiri, yeye na wajumbe wa halmashauri, mbele ya yeyote aliyetaka kuja, na waliotaka kuja hawakupungua. Alimsikiliza Kidega hadi mwisho.

"Ssebo, bwana wangu, kelele si kesi mpya hapa. Kila mtu ana kelele za mwenzake. Ushahidi wako uko wapi?"

Kidega alinyoosha mkono wa kushoto kama mtu anayeonyesha jeraha la vita. "Huu hapa. Shahidi asiye na mdomo, hadanganyi, hahongwi. Anaandika mchana kutwa. Atasomwa mbele ya baraza, ukurasa kwa ukurasa."

"Na nani atamsoma?"

"Msimamizi wangu, Docus. Mwite kama shahidi."

"Jumamosi ijayo saa tisa," Sumayiya akasema. "Na uje umelala kidogo, ssebo. Macho yako yanatisha watoto."

Kwa mtu mwingine yeyote, jambo lingekuwa limeisha hapo, angesubiri Jumamosi. Lakini Kidega alikuwa amefanya kazi miaka tisa katika chumba cha vielelezo vya polisi, na mtu aliyefanya kazi chumba hicho hapati kupona. Alijua jinsi kesi zinavyokufa. Alikumbuka panga lililotolewa chumbani dakika kumi tu kwa ajili ya kukata muwa, na wakili akasimama mahakamani na kuuliza: dakika hizo kumi, Sajini, panga lilikuwa kwa nani? Mshtakiwa alitoka akipiga mluzi. Tangu siku hiyo Kidega aliamini kitu kimoja kuliko Rozari: kielelezo hakiachi mkono wa anayekilinda hata kwa muda wa kupiga chafya.

Kwa hiyo Jumapili mchana aliichaji bangili hadi ikajaa, akaivaa, akaizungushia utepe mweusi wa mafundi umeme mara saba, akatia sahihi juu ya utepe kwa kalamu nyeupe, tarehe na saa. Atakayesema kwamba Kidega alimvisha mbuzi, au alimpa jirani mwenye wasiwasi, atazame utepe.

Jioni alipofika getini, trei ilikuwa mezani, na bangili za wenzake ndani yake.

"Vua, Afande," Docus akasema.

"Haivuliwi. Ni kielelezo."

"Kielelezo cha nini tena?"

"Cha kesi. Barua ya Mwenyekiti si umeipata? Itavuliwa Jumamosi mbele ya baraza. Mpaka hapo, haiachi mkono huu."

Docus alisogeza trei kando. Alikuwa binti mwenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomfanya ashushe sauti. "Afande. Nakwambia kama baba yangu. Mchana ivae. Usiku vua. Iweke hata mfukoni mwako mwenyewe."

"Ahaa!" Kidega akanyoosha kidole. "Ndipo mnapotaka kuichezea. Usiku mzima mezani, na Okullo amekaa pembeni yake! Dakika kumi tu zinatosha, Docus. Mimi naijua hadithi ya dakika kumi."

"Haya," Docus akasema, akaandika kitu kwenye daftari lake. "Wewe ndiye mkubwa."

Wiki iliyofuata ilikuwa vita kamili. Kidega alihamisha filimbi ya kazini hadi nyumbani, na kila mchi ulipotua, akapuliza. Hortense akapenda. Akaanza kutwanga kwa kufuata filimbi, akaongeza wimbo wa kanisani kwao juu yake, na kufikia Jumanne wapangaji wa nyumba ya pili walikuwa wanauliza ni kwaya ya wapi. Kidega akamwaga ndoo ya maji penye kinu ili udongo ulainike. Hortense akasogeza kinu mita mbili, karibu zaidi na dirisha lake. Kidega akaandika ilani kwenye boksi, KIMYA ASKARI AMELALA, akaining'iniza mlangoni. Hortense akaja akaisoma kwa sauti, herufi moja moja, akirudia ile KIMYA mara tatu ili aielewe vizuri. Alhamisi wakaacha hata matusi ya kawaida. Walipokutana bombani kila mmoja alimsubiri mwenzake amalize ili asiguse mfereji uliokuwa na joto la mkono wake.

Na bangili iliandika. Kidega aliitazama taa yake ya kijani ikichungulia ukingoni mwa utepe akiwa amelala macho gizani, akafurahi kwa hasira. Andika, mwanangu. Andika kila dakika anayoniibia.

Jumamosi saa tisa baraza lilijaa. Wajumbe walikaa kwenye benchi, Sumayiya katikati kwenye kiti cha plastiki. Hortense alifika na kinu kichwani na mchi begani, akavitua mbele ya baraza kwa kishindo kilichofanya mjumbe mmoja ashike miwani yake. Okullo naye alikuwepo. Alisema alikuwa anapita.

Kidega alivaa koti lake la gwaride. Alisimama wima, akaeleza kesi yake kana kwamba mbele yake kuna jaji mkuu: mlalamikaji, mlalamikiwa, silaha iliyotumika. Akanyoosha mkono. Sumayiya mwenyewe akakagua utepe, akathibitisha kwamba haujakatwa, akaukata kwa mkasi. Alama ya bangili kwenye ngozi ilikuwa nyeupe kama pete ya ndoa. Docus akaishika, akaiweka karibu na tableti, zikaongea kwa sekunde chache.

"Nisome mchana tu, Mwenyekiti?" Docus akauliza. Alimwangalia Kidega alipouliza hivyo.

"Yote!" Kidega akanguruma. "Kielelezo hakikatwi vipande. Mchana na usiku, kutoka Jumapili hadi leo. Mama huyu asije akasema nimeficha kitu."

"Sawa vile," Hortense akasema. "Soma yote. Miye sina shule, lakini masikio niko nayo."

Docus akafungua orodha. "Mchana kwanza. Jumatatu, amelala dakika arobaini na nne. Jumanne, arobaini na moja."

Minong'ono ya huruma ikapita barazani. Kidega akainua kidevu.

"Jumatano, dakika thelathini na moja."

"Mmesikia?" Kidega akawageukia watu. "Thelathini na moja! Hiyo ndiyo siku aliyotwanga kama mwendawazimu!"

"Jumatano?" Hortense akasema. Aliacha kuegemea mchi. "Docus, binti yangu, sema tena ile siku."

"Jumatano."

"Jumatano miye sikuwa hapa. Tulizika mtoto wa dada yangu kule Kawempe. Nilitoka na giza, nilirudi na giza. Kinu ilikuwa ndani ya nyumba, na kufuli. Uliza watu."

Watu hawakuhitaji kuulizwa. Nusu ya baraza walikuwa wamekwenda naye msibani. Sumayiya akakunja uso. "Ssebo Kidega, Jumatano ulisikia mchi?"

Kidega alirudisha akili nyuma. Alikumbuka Jumatano. Alikumbuka amelala chali akisubiri mchi utue. Ulikuwa umechelewa sana siku ile, na alikuwa ameuchukia kwa kuchelewa. "Nilikuwa nausubiri," akasema.

Benchi lote likaangua kicheko. Sumayiya akainua mkono kikakatika.

"Endelea, binti. Soma usiku."

Docus alisoma kwa sauti isiyo na rangi, kama mtu anayesoma majina ya marehemu. "Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Amelala saa tano na dakika tano usiku. Ameamka saa kumi na nusu. Usingizi mzito, masaa matatu. Alama tisini na moja. Usiku wa Jumatatu. Amelala saa tano kamili. Ameamka saa kumi na nusu. Alama tisini na tatu." Akatelezesha ukurasa. "Jumanne, tisini na sita. Mwenyekiti, katika kampuni nzima hakuna aliyewahi kupata tisini na sita. Wakubwa nao wanavaa. Mkurugenzi ana sitini na nane."

Watu wakaanza kupiga hesabu kwa vidole. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema taratibu, "Lakini usiku si huwa yuko kazini?"

"Nilikuwa macho!" Kidega akapaza sauti. "Nimekaa kimya, hiyo ndiyo yote! Askari wa kweli hatingishiki. Hicho kimashine kinaona mtu ametulia kinadhani amelala!"

"Inapima na moyo, Afande," Docus akasema. "Saa nane usiku moyo wako ulipiga mara hamsini kwa dakika. Sasa hivi unapiga mia moja na ishirini."

"Moyo wa askari hautishiki usiku!"

"Okullo," Sumayiya akasema, "wewe si ndiye mko naye zamu? Usiku anakuwaje?"

Okullo alivua kofia. Kwa mara ya kwanza hakuonekana kufurahi sana. "Mwenyekiti, anakaa kwenye kiti, wima kabisa, filimbi mdomoni, macho nusu wazi. Lori likipiga honi anasimama, anafungua, anaandika namba, anapiga saluti, anakaa. Mimi nikimsalimia haitiki. Miaka miwili nimedhani ni maringo."

"Anaandika namba amelala?"

"Na hati yake ya usiku ni nzuri kuliko ya mchana."

Hapo baraza lilivunjika kabisa. Mjumbe wa miwani alilia machozi. Lakini Kidega hakusikia kicheko. Alikuwa amesimama katikati yao akijitafuta katika usiku wote ule, usiku wa miaka mingi, getini na kabla ya getini, katika kambi na vizuizi vya barabarani, akitafuta saa moja tu ambayo angeweza kuapa kwamba alikuwa macho. Alikumbuka kukaa. Alikumbuka kusimama kukiwa kunapambazuka. Katikati alikuwa ameamini siku zote kwamba kuna ulinzi.

"Mtu aliyelala masaa matano na nusu usiku," Sumayiya akasema, "atapata wapi usingizi mwingine wa mchana? Mchi hauna kosa. Kesi imeanguka. Halmashauri inakuamuru umwombe mama huyu radhi mbele ya watu uliowaita mwenyewe."

"Huyu na chairman ni wamoja!" Kidega akafoka. "Mmepanga!"

"Ssebo. Radhi."

Kidega alinyoosha koti lake. Alipiga hatua tatu za gwaride, akampita Hortense bila kumtazama, akasimama mbele ya kinu, akagonga visigino na kupiga saluti. "Kinu," akasema kwa sauti kali, "naomba radhi. Nilikusingizia. Wewe ni mtumishi tu, hukuchagua bibi yako."

Watu walishika vichwa. Hortense aliinama, akaweka sikio kwenye mdomo wa kinu, akasikiliza kwa makini.

"Kinu imekataa," akasema. Akakitia kichwani na kwenda zake.

Docus alimfuata Kidega hadi kwenye kona ya ukuta. Hakuwa na tableti mkononi tena. "Ningeweza kuificha, Afande. Ungevua usiku, nisingekuwa na la kusoma. Lakini umenifanya niisome mbele ya mtaa mzima, na habari imeshawafikia wakubwa bila mimi kuipeleka, wamenipigia simu sasa hivi. Nipe filimbi ya lango."

"Nitakwenda wapi?"

"Lile duka kubwa la barabarani, hapo juu. Saa mbili asubuhi. Nimekuombea hilo. Walitaka kukuachisha kabisa. Na wamesema, ukisinzia huko hata mara moja, basi."

Kidega aliitoa filimbi shingoni akaiweka kiganjani mwa Docus. Okullo, aliyekuwa anapita, aliacha kupita akaenda kuoga mapema kwa ajili ya zamu.

Usiku huo, na wa Jumapili baada yake, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, Kidega alilala kitandani kwake gizani kama watu wengine. Hapakuwa na mchi. Hapakuwa na filimbi, wala wimbo, wala lori. Alivuta pumzi hadi nne, akaizuia hadi saba, bila kukatizwa na mtu, na alfajiri ilimkuta bado anahesabu.

Jumatatu saa mbili alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, shati limechomekwa, macho mekundu kama taa za nyuma za gari. Hakukuwa na kiti. Sheria ya duka ilikuwa moja: kila anayeingia akaribishwe kwa heshima na mkoba wake ukaguliwe, na anayetoka risiti yake ipigwe tiki.

Saa tatu kasoro Hortense akatokea, na kikapu cha ukili mkononi. Alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili.

"Karibu, madam," Kidega akasema kupitia kwenye meno.

"Sijasikia, Afande. Masikio yangu imeharibika na filimbi."

"Karibu, madam!"

Hortense akafungua kikapu. Kilikuwa kitupu, isipokuwa kitambaa kimoja chini. Kidega akakitazama. "Pita."

"Hujaangalia chini ya kitambaa."

Akaangalia chini ya kitambaa. Hapakuwa na kitu. Hortense akaingia, akakaa ndani kwa muda wa mtu anayechagua gari, akatoka na kiberiti kimoja. Kidega akaipiga tiki risiti. Mama akavuka barabara, akaweka kiberiti kwa rafiki yake anayeuza ndizi, akarudi na kikapu kitupu.

"Karibu, madam."

"Kitambaa, Afande."

Safari hii akatoka na chumvi. Ya tatu, sindano. Ya nne, kiberiti tena. Jua lilikuwa limepanda, limempata Kidega usoni, na kope zake zilikuwa na uzito wa kila usiku aliokuwa hajaulinda. Meneja wa duka alikuwa amesimama ndani ya kioo, mikono nyuma, akimtazama mlinzi wake mpya.

"Leo huna sombe ya kutwanga?" Kidega akanong'ona, akiinua kitambaa kwa mara ya tano.

"Nimetwanga haraka ulipotoka tu. Nilikuona mlangoni na macho nyekundu, nikajua usiku haukulala."

"Utaingia hapa mara ngapi, wewe mama?"

Hortense alimtazama machoni, kwanza la kushoto, halafu la kulia, kama anayechagua nyanya.

"Mpaka usinzie," akasema, akaingia.